Krili, pengwini na meli za wizi: uvuvi wa Bahari ya Kusini unavyosimamiwa

Katika maduka ya dawa ya miji ya Ghuba huuzwa vidonge vya mafuta ya krili, na katika mikahawa ya hoteli kubwa hupikwa samaki anayeandikwa "Chilean sea bass". Krili huyo huvuliwa Bahari ya Kusini, bahari inayolizunguka bara la barafu la Antaktika, na samaki huyo naye kwa sehemu hutoka huko huko. Makala haya yanaeleza nani anaamua kiasi gani kivuliwe katika bahari hiyo, kwa nini wanasayansi wanapima uzito wa pengwini ili kujua hali ya uvuvi, na kwa nini kanuni moja muhimu imekosekana tangu mwaka 2024.

Walianza sili, wakafuata nyangumi

Mwaka 1775 nahodha James Cook alifika kisiwa cha South Georgia na kuandika khabari za sili wengi aliowaona. Wawindaji wakamfuata, na katika muda wa miaka hamsini hivi sili wa manyoya walikaribia kumalizika. Mwaka 1904 kikafunguliwa kituo cha nyangumi cha Grytviken, na katika karne ya 20 nyangumi wapatao milioni mbili waliuawa katika bahari za kusini mwa dunia. Kisha ikaja zamu ya samaki. Katika msimu wa 1969/70 takriban tani 400,000 za samaki wa aina moja, Notothenia rossii, zilivuliwa pembeni mwa South Georgia, na samaki huyo akaanguka vibaya.

Katika miaka ya 1970 meli zilipoanza kumwandama krili, ambaye ndiye chakula cha karibu viumbe wote wa huko, mataifa yaliona kwamba safari hii kinachoweza kuharibika ni bahari nzima. Mkataba wa kuhifadhi viumbe hai wa bahari ya Antaktika ukatiwa saini Canberra mwezi Mei 1980, na ukaanza kufanya kazi tarehe 7 Aprili 1982. Tume yake, inayojulikana kwa herufi CCAMLR, ina makao Hobart, Australia. Wanachama ni 27: nchi 26 na Umoja wa Ulaya. Kutoka Afrika zimo Afrika Kusini na Namibia. Tume hukutana kila mwaka, na maamuzi yake makubwa hupita kwa kauli moja tu. Mwanachama mmoja akikataa, jambo halipiti.

Hesabu ya robo tatu

Krili ni mdudu wa bahari wa jamii ya kamba. Watu wa Pwani wakimwona watamfananisha na uduvi, ila huyu hufika sentimita sita. Hula mimea midogo mno inayoelea majini na inayoota chini ya barafu, naye huliwa na nyangumi, sili, pengwini, ndege na samaki.

Katika usimamizi wa kawaida wa uvuvi huulizwa: tubakishe samaki wangapi ili wazaane? Kwa samaki mkubwa wa huko, tuthifishi, Tume imeweka lengo la kubakisha nusu ya wazazi waliokuwapo kabla ya uvuvi. Kwa krili lengo ni robo tatu, kwa sababu wapo wengine wanaomtegemea kwa chakula. Fungu la ziada ni lao.

Upimaji mkubwa uliofanywa mwaka 2000 na mwingine wa 2019, wote kwa mawimbi ya sauti yanayopelekwa chini ya maji, ulikadiria takriban tani milioni 60 za krili katika eneo la Atlantiki ya kusini. Kwa hesabu ya ule upimaji wa mwaka 2000 kiwango cha juu cha uvuvi kiliwekwa tani milioni 5.61 kwa mwaka. Lakini meli haziruhusiwi kukifikia. Zinasimamishwa kwenye tani 620,000 mpaka ipatikane njia ya kuugawa uvuvi katika maeneo madogo madogo.

Sababu yake ni rahisi kwa yeyote aliyekula sinia moja na wenzake. Wali unaweza kuwatosha watu kumi, lakini mikono yote ikichota upande mmoja, mtoto aliyekaa upande huo atabaki na njaa. Pengwini mwenye makinda hawezi kwenda mbali. Ni lazima arudi kulisha. Meli zikikusanyika mbele ya kisiwa chake, kwake haina maana kwamba krili ni wengi kwengineko.

Pengwini kwenye mizani

Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 Tume ina mpango maalumu wa kufuatilia viumbe wanaokula krili. Waliochaguliwa ni pamoja na pengwini wa aina kadhaa, sili wa manyoya na albatrosi. Katika vituo mbali mbali wanasayansi huandika kila msimu mambo yale yale kwa njia ile ile: ndege wangapi wamerudi kutaga, wamefika na uzito gani, makinda mangapi yamekua, mama sili amekaa baharini siku ngapi kabla ya kurudi kunyonyesha. Mama akichelewa na kinda likiwa jepesi, ni dalili kwamba chakula kimekuwa adimu.

Katika kisiwa cha Béchervaise, karibu na kituo cha Mawson cha Australia, pengwini hupita juu ya mizani iliyowekwa njiani mwao, na uzito wao hupimwa bila ya mtu kuwashika. Kwengineko zimefungwa kamera zinazopiga picha mwaka mzima. Kazi hii hugundua na maradhi. Katika kisiwa cha Bird Island mwezi Oktoba 2023 ndipo homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa kwa mara ya kwanza katika eneo hilo.

Ugumu uliopo ni kutenganisha sababu. Joto linapanda, barafu inapungua, nyangumi wanarudi kwa wingi baada ya kuachwa kuwindwa, na uvuvi unaendelea, yote kwa wakati mmoja. Pengwini wakipungua, si rahisi kusema ni kipi kilichowapunguza.

Tuthifishi na meli zilizokimbia

Tuthifishi, anayeuzwa kwa jina la "Chilean sea bass", huishi miaka mingi, hata zaidi ya 40, na huchelewa kuzaa. Huvuliwa kwa mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana. Katikati ya miaka ya 1990 bei yake kubwa ilivuta meli za wizi, na albatrosi wengi walinasa kwenye ndoana wakifuata chambo. Tume ikalazimisha mishipi itiliwe uzito ili izame upesi, itoswe usiku, na meli zifunge kamba zenye vitambaa vya kuwafukuza ndege. Vifo vya ndege katika uvuvi wenye kibali vikashuka karibu na sifuri. Kila meli yenye kibali hubeba mwangalizi wa kisayansi, hufuatiliwa kwa setilaiti, na tangu mwaka 2000 mzigo wa tuthifishi ni lazima uwe na hati inayoonyesha ulikotoka.

Meli zisizotii huandikwa kwenye orodha ya wazi. Humo imewahi kuandikwa meli Baroon, yenye bendera ya Tanzania, jambo linaloonyesha jinsi wezi wa mbali wanavyotafuta bendera za nchi nyengine. Meli Thunder ilifukuzwa siku 110 na meli za shirika la Sea Shepherd hadi ilipozama karibu na São Tomé mwezi Aprili 2015. Meli nyengine, STS-50, ilitoroka Maputo mwaka 2018. Ilifuatwa katika Bahari ya Hindi na Ocean Warrior, iliyokuwa katika doria iliyoitwa "Operation Jodari" pamoja na maofisa wa Tanzania, na mwezi Aprili ikakamatwa na Indonesia.

Palipokwama

Mwaka 2016 wanachama walikubaliana juu ya hifadhi ya Bahari ya Ross, yenye ukubwa wa kilomita za mraba milioni 1.55, iliyoanza Disemba 2017 kwa muda wa miaka 35. Hifadhi nyengine zilizopendekezwa, ikiwamo ya Rasi ya Antaktika, hazijapita, kwa kuwa China na Urusi hazijaridhia.

Jambo lenye uzito zaidi kwa sasa ni krili. Tangu mwaka 2009 kanuni iliyagawa maeneo ya zile tani 620,000, ili Rasi ya Antaktika, yenye pengwini wengi, isivuliwe zaidi ya tani 155,000 kwa mwaka. Katika mkutano wa 2024 wanachama hawakukubaliana kuirefusha, na ikaisha. Msimu uliofuata tani zote 620,000 zilikwisha mapema, na mwezi Agosti 2025 uvuvi ukafungwa kabla ya wakati wake kwa mara ya kwanza. Baadhi ya makampuni hujizuia yenyewe kuvua karibu na makoloni ya pengwini wakati wa kulea makinda, lakini hiyo ni hiari, si sheria.

Kwa hivyo jumla ya krili wanaovuliwa bado ni kama asilimia moja ya waliokadiriwa, na kikomo chake kinaheshimiwa. Kilichokosekana ni ule mgawo wa sinia. Mpaka wanachama wote 27 waseme ndiyo, hakuna kanuni ya kuzizuia meli zisichote upande mmoja.