Conques: Kanisa lililosimama juu ya wizi

Rais wa Ufaransa alipotangaza, Desemba 2023, kwamba madirisha kadhaa ya karne ya 19 katika kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, yangeondolewa ili kupisha vioo vya msanii wa leo, zaidi ya watu 100,000 walitia saini kupinga. Katika mabishano hayo jina la Conques halikukawia kutajwa. Huko mashambani ugomvi wa aina hiyo ulishapiganwa miaka ya 1990, na haukuwa wa kwanza.

Conques ni kijiji cha Aveyron, kusini mwa Ufaransa, kilichong'ang'ania ubavu wa bonde lenye misitu. Mwishoni mwa karne ya nane mkaa pweke aitwaye Dadon alijitenga hapo kusali. Wenzake wakamfuata, wakashika kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayowaongoza leo wamonaki wa Peramiho na Ndanda. Lakini bonde lilikuwa finyu, na katika karne ya tisa Conques nyingine ilianzishwa Figeac, penye ardhi pana. Abasia ya zamani ikawa hatarini kusahauliwa. Haikuwa na masalia ya mtakatifu mwenye jina. Pasipo masalia hawaji mahujaji, na pasipo mahujaji hakuna sadaka.

Basi wakaiba. Habari hii tunaipata kwa wamonaki wenyewe, walioiandika bila haya. Katika mji wa Agen palikuwa na kaburi la Foy, binti mdogo ambaye mapokeo yanasema aliuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya nne. Conques ikamtuma mmonaki Arinisdus. Alijiunga na watawa wa Agen, akakaa nao kama ndugu kwa takriban miaka kumi, hadi akaaminiwa kulinda kaburi. Siku ya Epifania, wenzake wakiwa mezani, alilivunja, akatia mifupa mfukoni na kutoroka. Waliomfukuza, wasimuliaji wanasema, walipotea njia. Karibu na mwaka 866 mifupa iliingia Conques kwa shangwe. Utetezi wao ulikuwa mwepesi: kama mtakatifu hakutaka kuhama, angemzuia mwizi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Masalia yalitiwa katika sanamu ya mbao iliyofunikwa dhahabu, yenye kichwa kilichochukuliwa kwenye kazi ya enzi za Warumi, na mahujaji wakaendelea kuipamba kwa vito. Mwaka 1013 alifika msomi Bernard wa Angers. Alipoiona akatabasamu kwa dharau: kwake ilikuwa sawa na miungu ya kale, Jupita au Marsi. Haukupita muda akatubu, akawa mwandishi wa miujiza ya Foy. Katika kitabu chake mtakatifu huyo ni msichana mtundu mwenye uchu wa mapambo. Anamtokea ndotoni Arsinde, mke wa mtawala wa Toulouse, kumdai bangili zake za dhahabu; mama naye anataka kwanza mtoto wa kiume. Biashara ikafanyika, na akajaliwa wawili. Wafungwa nao walimwita Foy, na waliofunguliwa walileta minyororo yao kanisani. Inasemwa kwamba chuma hicho ndicho kilichofuliwa kuwa uzio unaozunguka altare.

Sadaka za mahujaji ndizo zilizojenga. Abati Odolric, aliyeongoza kati ya 1031 na 1065, alianzisha kanisa tunaloliona. Abati Bégon wa Tatu aliliendeleza hadi alipofariki mwaka 1107. Ramani ya kanisa ilifuata mwendo wa mahujaji: njia za pembeni zinazunguka hadi nyuma ya altare, ili umati upite kwenye masalia bila kukatiza sala za wamonaki. Dari ya mawe imepanda zaidi ya mita 20, na roshani za juu zinabeba msukumo wake pande zote mbili. Juu ya mlango wa magharibi, katika karne ya 12, palichongwa Hukumu ya Mwisho yenye watu 124. Foy amesujudu mbele ya mkono wa Mungu, minyororo ikining'inia nyuma yake. Upande wa motoni yumo mtengeneza fedha bandia, yumo mwindaji anayechomwa na sungura, na watu wa kanisa hawakusamehewa.

Baadaye umaarufu ulififia. Waprotestanti walilichoma kanisa moto mwaka 1568. Yakaja Mapinduzi ya 1789, serikali ikataka dhahabu za makanisa ziyeyushwe. Wanakijiji waliigawana hazina na kuificha majumbani na bustanini. Hatari ilipopita, wakairudisha. Mwaka 1837 alipita Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, akashangaa kukuta utajiri wa namna hiyo nyikani. Ua wa wamonaki ulikuwa umeshabomolewa kwa sehemu kubwa, lakini ripoti yake ililiokoa kanisa. Mwaka 1875 mifupa ya Foy, iliyokuwa imefichwa ukutani, ikapatikana tena.

Mzozo wa karibuni uliletwa na Pierre Soulages, mchoraji mzaliwa wa Rodez, mji jirani, aliyesema kwamba Conques ndiko alikoamua, akiwa kijana, kuwa msanii. Serikali ilimpa kazi ya kutengeneza madirisha 104 ya kanisa. Alitafuta miaka kadhaa kioo kisicho na rangi, kinachopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nje. Yalipozinduliwa mwaka 1994, waliozoea picha za watakatifu za fundi Francis Chigot walinung'unika kwamba kanisa lao limenyang'anywa. Mwaka 1998 likaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na njia za hija za kwenda Santiago de Compostela.

Leo Soulages anasifiwa na wengi wanaopita. Lakini wanaopita si waliolitunza. Mérimée alikuta hazina Conques kwa sababu wakulima na mafundi wasiojulikana kwa majina waliihesabu kuwa yao, wakahatarisha shingo zao kwa ajili yake. Wizara inayotaka kubadilisha kitu katika jengo la namna hiyo, hata kwa uzuri, ina wajibu wa kuanza kwa kubisha hodi kwa wajukuu zao.