Maskini wa Baraka na Fizi, na Waliowatumikia

Mtu akisikia neno msaada siku hizi, huwaza gari jeupe, debe la mafuta na orodha ya majina. Huko Baraka na Fizi, katika Kivu ya Kusini, kazi ya kuwasaidia maskini ni ya zamani kuliko magari hayo, nayo imegharimu damu.

Mapadre Wasaveri kutoka Italia waliingia Kongo mwaka 1958. Baraka iko ufukoni mwa Ziwa Tanganika. Fizi iko juu milimani. Wenyeji wengi ni Wabembe, na Waislamu wamo kati ya majirani. Misioni ya siku zile haikuwa kanisa tu. Ilitaka mtu wa nyundo na msumeno kama ilivyotaka mtu wa mahubiri, na pale Baraka mtu wa kazi za mikono alikuwa Bruda Vittorio Faccin. Hakuwa padre, wala hakutafuta upadre. Bruda wa namna hii husahauliwa upesi, kwa sababu fundi hasimami altareni.

Mwaka 1964 waasi wa Simba waliishika sehemu kubwa ya mashariki ya nchi. Uvira ilitoka mikononi mwao mwezi wa Oktoba. Baraka na Fizi zilibaki upande wao. Tarehe 28 Novemba kiongozi mmoja wa waasi akafika misioni ya Baraka kwa gari. Bruda Faccin akatoka nje. Akaamriwa apande, akakataa, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 30. Padre Luigi Carrara alitoka kanisani, naye alipotakiwa aende nao, alichagua kufa kando ya ndugu yake. Gari likapanda mpaka Fizi, na siku ile ile wakauawa Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert. Huyu Joubert alikuwa mtoto wa ziwa hilohilo. Baba yake, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuja Mpala kuwalinda watu dhidi ya wafanya biashara ya utumwa, akaoa Mwafrika, wala hakurudi tena kwao.

Je, kazi ilikufa pamoja nao? La. Lakini baadaye mambo yaligeuka kwa namna ya ajabu: mwenyeji akawa mgeni, na mgeni akawa mwenyeji. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji walipokelewa huku. Mwaka 1996 vita viliwavusha watu wa Fizi wenyewe mpaka Tanzania, na wengi wakakaa kambi ya Nyarugusu, wakila posho ya kupimiwa. Kuanzia mwaka 2005 meli ziliwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka, wakakuta mashamba yamekuwa vichaka. Tena, tangu mwaka 2015, Warundi wakavuka kwa maelfu, na kambi ikafunguliwa Lusenda.

Hapo ndipo penye ugumu ambao mgeni mwenye daftari hauoni. Mkimbizi ameandikwa, mjane aliyempa chumba na kugawana naye muhogo hakuandikwa, maana yeye yuko kwake. Baada ya miezi michache, nani maskini zaidi? Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikata shauri kwamba parokia zisimame juu ya jumuiya ndogo, ambazo huku kwetu huitwa mashirika. Shirika linajua nyumba ambayo moshi haujatoka tangu juzi. Orodha iliyotungwa na majirani, ikasomwa mbele ya watu wote, haidanganyiki kwa urahisi. Hata hivyo nasema wazi: shirika nalo lina upendeleo wake. Huwakumbuka kwanza wanaosali pamoja, na yule Mwislamu wa nyumba ya tatu husahauliwa, ingawa mtoto wake analala njaa ile ile. Na kipindupindu, kinachorudi mara kwa mara kando ya ziwa hili, hakiulizi cheti cha ubatizo.

Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, akimwakilisha Baba Mtakatifu, aliwatangaza Faccin, Carrara, Didonè na Joubert kuwa wenye heri. Barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka hupita Lusenda. Siku ile kambi ilikuwa ingali imejaa.