Kariakoo kwa Jina la Wenyewe

Kila konda wa daladala anaijua hadithi ya jina la Kariakoo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoingia Dar es Salaam, Septemba 1916, wapagazi wakapigishwa kambi eneo lile, na ndimi zetu zikamalizia kazi. Nairobi nao wana Kariokor yao.

Hadithi huishia hapo. Ukiuliza walikuwa wangapi, au walikufa kwa nini, unajibiwa: "Aisee, hayo kawaulize wasomi wa Mlimani."

Nikaenda. Kwenye kompyuta ya maktaba ya Chuo Kikuu niliandika "Kariakoo". Yakaja makala ya wamachinga, ya usafiri na ya viwanja. Nikaandika "wapagazi", karibu patupu. Mkutubi akacheka kidogo. "Dada, usitafute kwa jina letu. Tafuta kwa jina la wenyewe walioandika."

Nikaandika "Carrier Corps", nikaongeza "East Africa". Ndipo likajitokeza Journal of African History, juzuu la 19, mwaka 1978. Ndani yake kuna makala ya Geoffrey Hodges inayokusanya takwimu za Waafrika waliotumikia majeshi ya Uingereza katika vita ya Afrika Mashariki. Mkutubi akanionyesha pa kuendelea: shuka kwenye tanbihi, fuata kila chanzo. Makala moja huzaa nyingine.

Usiku, nyumbani, nikaifungua tena kwa bando langu. Safari hii ikataka dola. Chuoni ilifunguka kwa sababu chuo ndicho chenye ufunguo, mimi sina.

Na chuo chenyewe kilianzia kwetu mjini! Mwaka 1961 kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mpakani mwa Kariakoo, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikapanda kilimani. Tangu hapo, muuza vitenge anayetaka kusoma habari za kambi iliyompa mtaa wake jina lazima kwanza apande daladala.

Si jambo dogo. Sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawakumbuka na wapagazi, lakini haina jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika na Mashariki ya Kati.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kupanda Mlimani, panda. Uliza mkutubi, usione haya. JSTOR nayo huruhusu mtu asiye na chuo kujisajili na kusoma baadhi ya makala bure. Ila ukishasoma, andika kwa Kiswahili, na uliandike neno "wapagazi" waziwazi, ili atakayetafuta kesho kwa jina letu asikute patupu.