Jaji Ramadhani na mlango wa Arusha

Juni 2010, majaji saba wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, walitoa hukumu iliyomkata maini Mchungaji Christopher Mtikila. Mchungaji alitaka raia aruhusiwe kugombea uongozi bila kupitia chama. Mahakama Kuu ilikuwa imemkubalia. Rufani ikatengua, ikisema hilo ni la Bunge kuamua.

Mtikila hakukata tamaa. Akaifikisha kesi Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako sasa Ramadhani naye alikuwa jaji. Itifaki ya mahakama hiyo hairuhusu jaji kusikiliza shauri la nchi yake, hivyo akakaa pembeni. Tarehe 14 Juni 2013, wenzake wakampa Mtikila ushindi. Septemba 2014, majaji wa Arusha wakamchagua Ramadhani kuwa Rais wao.

Alizaliwa Unguja, Kisima Majongoo, mwaka 1945. Alisomea sheria Dar es Salaam, akaingia jeshini na kufikia cheo cha brigedia, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010. Katika Kanisa Anglikana alipiga kinanda. Uzeeni akapewa upadri.

Chini ya urais wake, tarehe 5 Desemba 2014, ilitoka hukumu ya Lohé Issa Konaté, mwandishi wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kuandika tuhuma za rushwa dhidi ya mwendesha mashtaka. Mahakama ilisema kumfunga mwandishi kwa kosa la kukashifu ni kuvunja uhuru wake wa kujieleza.

Hukumu hiyo inatugusa sisi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Januari 2019, mwandishi wa redio ya jamii alikamatwa Macomia akiwahoji watu waliokimbia mashambulizi, akakaa kizuizini hadi Aprili. Msumbiji imeridhia itifaki ya mahakama, lakini haijaweka tamko la kumruhusu raia kushtaki moja kwa moja. Mtikila aliweza kwa sababu Tanzania ililiweka mwaka 2010. Novemba 2019 ikaliondoa.

Ramadhani alifariki Dar es Salaam tarehe 28 Aprili 2020. Mahakama ipo Arusha, upande wa pili wa mto Ruvuma. Maputo iweke tamko hilo, ili mtu wa Palma au Mocímboa da Praia naye apeleke shauri lake.