Mji Uliojengwa Juu ya Visima: Jibu kwa Wanaoniuliza Kama Watoe Pesa Benki



Wiki hii ujumbe mmoja umenifikia mara nyingi mno, kutoka kwa watu tofauti. Unasema uchumi uko karibu kuanguka, benki zitafungwa, toeni pesa zote, nunueni chakula cha miaka, mwisho umefika. Dada mmoja wa ushirika wetu, mwalimu hapa Wajir, alinipigia saa nne usiku akiuliza kama avunje akiba yake yote ya sacco aliyoiweka kwa miaka tisa. Nilimwomba asubiri nimwandikie. Najua si yeye peke yake anayekosa usingizi, kwa hiyo jibu lake naliweka hapa.

Sina unabii wa tarehe. Nina historia ya mji huu, na karibu kila kitu ambacho ujumbe ule unatutishia nacho Wajir imekwisha kukiona, mara nyingine viwili au vitatu kwa pamoja. Soma pole pole.

Wengi wetu tulikuja hapa na barua ya uhamisho na sanduku moja. Tulikuta mji tayari, hatukuuliza kwa nini uko mahali ulipo. Kaunti hii haina mto wa kudumu. Ewaso Ng'iro inatoka mbali, ikifika upande wa Habaswein inapotelea katika kinamasi cha Lorian, tena si kila mwaka. Lakini chini ya mji wenyewe, kwenye mawe ya chokaa, maji yako karibu, na kwa vizazi vingi watu wamechimba visima kwa mkono, vingine vya kale kiasi kwamba hakuna anayejua kwa hakika nani aliyevianza. Jina Wajir husemwa kwamba limetoka kwa Waborana, maana yake kukusanyika, kwa sababu koo na makabila yalikutana hapa kunywesha mifugo. Waingereza walipofika mwanzoni mwa karne iliyopita hawakujenga boma lao penye kivuli. Walijenga penye visima.

Sasa fungua Mwanzo 26. Sura ile inaanza na njaa katika nchi. Isaka hakukimbia. Alipanda, akachimbua visima vya baba yake vilivyokuwa vimefukiwa, akachimba na vipya. Viwili vya kwanza aligombaniwa, Eseki na Sitna. Cha tatu, Rehobothi, ndipo akapata nafasi. Tunapenda kuhubiri mavuno yake ya mara mia, lakini sehemu kubwa ya sura hiyo ni mtu anayechimba, ananyang'anywa, anahama, anachimba tena.

Visima vya Wajir vina upande wa pili pia, na huu niuseme wazi kwa sababu unaua watoto. Maji yakiwa karibu, choo cha shimo kinakuwa hatari, ndiyo maana mji huu uliishi na vyoo vya ndoo kwa miaka mingi sana. Mvua kubwa ikija, uchafu na maji ya kisima hukutana. Kwa hiyo mtu anayejaza stoo mchele na hana dawa ya kutibu maji hajajiandaa kwa Wajir. Amejiandaa kwa mji mwingine.

Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu msiba mkubwa ambao wengi wetu hatuujui uliletwa na mvua.

Mwaka 1996 na 1997 kulikuwa na ukame. Watu waliomba mvua, misikitini na makanisani. Oktoba 1997 mvua ya El Niño ikaanza, na haikukoma hadi mwaka uliofuata. Nchi hii ni tambarare, maji hayana pa kwenda, yakasimama. Barabara zikakatika. Mifugo iliyokwisha kudhoofika kwa njaa ikasimama kwenye matope na kufa. Kutoka kwenye maji yale wakatoka mbu, na kwenye mbu homa ya Bonde la Ufa, iliyoanzia kwa wanyama na kuingia kwa watu katika eneo la Garissa na kusini mwa Somalia. Mamia ya watu walikufa. Waliopata shida zaidi ni waliochinja au kushika mnyama mgonjwa, maana mwenye njaa hawezi kumtupa mbuzi anayekufa, humchinja ampate angalau kama nyama. Mwanzoni mwa 1998 malaria ikalipuka Wajir, kwa watu ambao miili yao haikuzoea malaria na ilikuwa haina nguvu. Na kabla watu hawajapumua, Saudi Arabia ikafunga soko lake kwa mifugo ya Pembe ya Afrika kwa sababu ya homa ile ile.

Angalia mpangilio. Ukame, mafuriko, ugonjwa wa wanyama, ugonjwa wa watu, soko kufungwa. Nyumba iliyokuwa imejiandaa kwa ukame peke yake ilipigwa na vingine vinne. Wasomali wana jina la ukame wa 1974 na 1975, Dabadheer, wenye mkia mrefu. Waliouita hivyo waliona kwamba mvua kunyesha si mwisho wa ukame.

Kwa hiyo mpendwa, neti ya mbu nunua wakati wa vumbi. Nyama ya mnyama aliyejifia usiile, na maziwa chemsha, hata kama jirani anakucheka. Watoto wakiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha mkimbize hospitali. Kila mama katika ushirika huu alijue hili kama anavyolijua jina lake.

Turudi kwa pesa, maana dada yangu anangoja.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na shilingi yake ikabaki bila benki kuu nyuma yake. Wakimbizi wakavuka mpaka, Dadaab ikaanzishwa mwaka huo huo. Upande wetu kulikuwa na ukame, na mwaka 1993 shilingi ya Kenya nayo ikaporomoka, bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika mwaka mmoja. Mtu aliyekuwa na mshahara serikalini aliuona mshahara ukipungua mkononi bila kukatwa hata senti. Waliokuwa wamezika noti tu waliumia kuliko waliokuwa na mbuzi, na waliokuwa na mbuzi tu waliumizwa na ukame.

Aprili 2015, siku chache baada ya wanafunzi wetu kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala. Zilifunguliwa tena Juni. Sizungumzii sababu za serikali. Nazungumzia mama ambaye chakula chake kilitoka kwa mtoto aliye Minneapolis au Nairobi kupitia hawala, na asubuhi moja mlango ukawa umefungwa. Alikuwa na njia moja tu ya kupata pesa.

Na wanaoficha pesa chini ya godoro, mnakumbuka 2019? Juni ilitangazwa kwamba noti ya zamani ya shilingi elfu moja mwisho wake ni Septemba 30. Oktoba mosi ilikuwa karatasi.

M-Pesa pia ni baraka, lakini sisi tunajua kwa nini usiitegemee peke yake. Milingoti ya simu imelipuliwa na magaidi zaidi ya mara moja Wajir, Mandera na Garissa. Mlingoti ukianguka una pesa kwenye simu na huwezi kununua hata chumvi.

Basi mwalimu, jibu langu ni hili. Usivunje akiba yako ya miaka tisa kwa sababu ya ujumbe usio na jina la mwandishi. Weka nyumbani pesa taslimu za matumizi ya wiki mbili hadi mwezi, noti ndogo ndogo, maana siku ya shida hakuna mwenye chenji. Nyingine iache ilipo. Na ukiweza, uwe na mbuzi wawili au watatu kwa mtu unayemwamini, hapo ndipo majirani zetu wametuzidi akili. Mwaka 2015 ilianzishwa hata bima ya mifugo ya serikali, ikianzia Turkana na Wajir, ambayo setilaiti ilitazama majani yakikauka na mfugaji akalipwa. Wachache wetu tuliwahi kuiulizia.

Chakula nisiseme sana, mnajua kupika. Ila acheni kudhani akiba ni unga peke yake. Mama wa Kisomali hukausha nyama, huikaanga na kuihifadhi ndani ya samli, nyirinyiri, nayo hukaa miezi bila friji. Tende hazihitaji hata moto. Novemba 2023, maji ya Tana yalipokata barabara ya Garissa pale Mororo na malori yakakwama ng'ambo, mimi mchungaji wenu nilikuwa na kilo mbili za unga nyumbani na mahubiri mazuri juu ya imani. Aliyetulisha siku zile ni jirani mwenye duka, Mwislamu, alinikopesha mchele na mafuta bila kuandika popote. Sijawahi kulisema hili madhabahuni. Nililionea aibu.

Hilo linanipeleka kwa jambo ambalo ujumbe ule wa simu haulitaji kabisa. Unasema jifungie. Historia ya Wajir inasema kinyume. Miaka ile ile ya 1991 hadi 1993, koo za hapa zilipigana vibaya. Soko likagawanyika, mwanamke wa ukoo huu hakuweza kuuza au kununua kwa ukoo ule. Unaweza kuwa na pesa, na chakula kiko hatua mia mbili, na usikifikie. Walioanza kulifungua soko ni wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa papa hapa. Walikaa chini, koo tofauti, wakakubaliana kwamba sokoni kila mwanamke atauza na kununua kwa yeyote, wakaweka watu wa kuangalia, na anayekiuka aitwe. Kutoka hapo wakawafuata wazee, na mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki 2011. Sisi tulio wachache katika mji huu tusidhani tutavuka msiba kwa milango iliyofungwa. Annalena Tonelli, Mkristo kutoka Italia, alitibu kifua kikuu hapa miaka mingi, na baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 ni miongoni mwa waliokwenda kutafuta majeruhi na miili. Watu wa Wajir bado wanamtaja.

Utakuwa unaikumbuka pia ile picha ya twiga sita waliokufa Sabuli, Desemba 2021. Walikuwa wamefika kwenye bwawa. Walikuwa dhaifu mno, wakanasa kwenye matope, wakafia pale. Huo ulikuwa katikati tu ya misimu mitano mfululizo bila mvua, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, iliyoua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti za maeneo kame, ikisema kama tuko hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Aliyeuza mbuzi wakati wa tahadhari alipata bei. Aliyengoja dharura alimbeba mbuzi sokoni begani na kurudi naye.

Katika Matendo 11, Agabo alisema njaa inakuja. Kanisa la Antiokia halikuanza kubishana juu ya tarehe wala kujificha. Kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli.

Jumapili hii baada ya ibada tutafanya hivyo hivyo. Kila familia ije na kilo mbili za maharagwe au mchele na pakiti moja ya dawa ya kutibu maji. Mama wawili na mzee mmoja watashika daftari na ufunguo, mimi sitashika. Theluthi moja ni ya wasio wa kanisa letu, na nitamwomba yule jirani mwenye duka atuambie nani mtaani ana shida. Wenye dawa za pressure na sukari mlete majina, tuone nani ana za mwezi wa ziada na nani hana. Nakala za vitambulisho, vyeti vya shule na vya kuzaliwa mzifunge kwenye nailoni, maji hayasomi.

Na mwalimu, usiku huu lala. Kesho ukitoka shuleni pitia sokoni, nunua mitungi miwili ya lita ishirini yenye vifuniko.