Tarehe ya Malindi: Mji, Matumbawe na Msitu

Malindi, mji wa pwani ya Kenya ulio kusini mwa mlango wa Mto Sabaki, ulikuwa na jina kubwa katika biashara ya Bahari ya Hindi kabla ya Wareno kufika, kwani mwaka 1415 wajumbe wake walifikisha twiga katika ikulu ya Uchina. Aprili 1498 mfalme wake, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpokea Vasco da Gama na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Nguzo yenye msalaba iliyoko rasini ni kumbukumbu ya mapatano hayo. Urafiki huo haukuufaa mji kwa muda mrefu, kwa sababu Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walihamishia makao yao Mombasa, na Malindi ikafifia hadi ilipofufuliwa katika miaka ya 1860, chini ya Seyyid Majid wa Zanzibar, kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa, jambo ambalo wasimulizi wengi wa uzuri wa mji huu hulipita kimya isivyostahili.

Anayetaka kuuelewa mji huu na aanzie Gede, yapata kilomita 15 kusini, kwenye magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17 na kufukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Kuta zake ni za matumbawe, yaani mawe yaliyofanyizwa na viumbe wadogo wa baharini, nayo chokaa iliyozilainisha ilitokana na matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Dari zilibebwa na boriti, ambazo ni miti ya mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu, vyumba vilijengwa vyembamba. Kaburi moja limechorwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladia, na pembeni mizizi ya miti mikubwa imezikumbatia kuta. Bahari na mikoko, basi, ndizo zilizoujenga mji, na msitu ndio uliouhifadhi.

Matumbawe yaliyo hai yamelindwa tangu mwaka 1968 katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambamo uvuvi umekatazwa, ingawa joto la maji la mwaka 1998 liliyaua kwa wingi na udongo wa Sabaki bado huyafikia wakati wa mvua. Mikoko imestawi katika hori ya Mida. Nyuma yake kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, makao ya sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu. Tangu mwaka 1993, kwa mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wakulima wanaopakana na msitu huo hufuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, na kwa njia hiyo msitu uliotakiwa ukatwe uwe mashamba umekuwa chanzo cha riziki yao.