Tamati ya Barua katika Mwambao wa Rumonge

Walimu wa Kiswahili hufundisha uandishi wa barua kila mwaka, na aghalabu muda wote huishia katika anwani, tarehe na utangulizi. Tamati huachiwa dakika ya mwisho, kengele ikikaribia kulia. Mwanafunzi huambiwa aandike "Wako mtiifu", atie sahihi, basi. Twapenda kuitazama tamati hiyo kwa jicho la historia, nasi tumeuchagua mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hasa mji wa Rumonge, kwa kuwa hapo zimekutana desturi tatu za kufunga barua, na mtu aandikaye barua pepe ya kazi leo hana budi kuchagua baina yake.

Desturi ya kwanza ilikuja na biashara. Kusini ya Rumonge, katika ukingo huo huo wa mashariki, iko Ujiji, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa kituo kikuu cha wafanyabiashara waliotoka Unguja na Tabora. Mitumbwi yao ilipanda kaskazini hadi Uvira. Watu hao waliandikiana kwa hati za Kiarabu. Barua ilianza kwa salamu ndefu, kisha "ama baadu", ndipo jambo lenyewe. Mwishoni zilikuja salamu za waliopo kwenda kwa waliopo huko, halafu "wasalaam", na mwisho kabisa "wakatabahu", yaani "na ameiandika", fulani bin fulani, "biyadihi", kwa mkono wake. Mifano ya barua za namna hii yaweza kuonekana katika mkusanyo alioutoa Mjerumani C. G. Büttner mwaka 1892.

Neno hilo "wakatabahu" halikuwa pambo. Mwenye barua na mwandishi wa barua mara nyingi walikuwa watu wawili, maana wengi hawakujua kuandika, na wakubwa waliojua walikuwa na makarani. Karani alipoandika kwa niaba ya bwana wake aliweza kusema "biamrihi", kwa amri yake. Mpokeaji, aliye mbali kwa safari ya miezi, alipata kujua ni mkono wa nani ulioshika kalamu na ni neno la nani lililoandikwa. Na umbali ulikuwa umbali kweli: mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulikwama njiani Unyanyembe, ukamfikia Ujiji takriban mwaka mzima baadaye, ulipoletwa na Stanley. (Muda si mrefu baadaye wawili hao walipita kwa mtumbwi kandokando ya mwambao huu tunaouzungumzia, wakielekea mto Rusizi.) Barua ikisafiri mwaka mmoja, tamati yake haiandikwi kwa haraka.

Desturi ya pili ni ya Wabelgiji, walioishika nchi mwaka 1916 baada ya Wajerumani. Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala wao. Chini ya Wabelgiji Kifaransa kikawa lugha ya ofisi, Kirundi lugha ya shule za msingi, nacho Kiswahili kikabaki katika miji na masoko ya ziwani. Tamati ya Kifaransa ni sentensi nzima: mwandishi humwomba mpokeaji akubali hisia zake za heshima, na cheo kilichotajwa mwanzoni hutajwa tena mwishoni. Tumeona watu wakiifasiri sentensi hiyo neno kwa neno kwa Kiswahili. Matokeo yake ni mzigo: kila neno ni la Kiswahili, na hakuna Mswahili anayesema hivyo.

Desturi ya tatu ilivuka mpaka kwa njia ya msiba. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, ukafuatwa na mauaji makubwa nchini kote, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Walikaa Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo. Watoto wao wakasoma shule za Tanzania. Huko walijifunza "Wako mtiifu", tamati iliyotokana na mazoea ya Waingereza, ambao hata mkubwa akimwandikia mdogo alijiita mtumishi wake mtiifu. Walikuta pia tamati ya siasa ya Ujamaa, "Wako katika ujenzi wa Taifa", ambamo mwandishi na mwandikiwa, wote wawili wakiitwa "Ndugu", wanasimama bega kwa bega mbele ya kazi moja. Sisi twaipenda tamati hii kuliko ile ya utiifu, ingawa wakati wake umepita. Zaidi ya watu 50,000 miongoni mwa wakimbizi wa 1972 na watoto wao walirudi Burundi kutoka makazi hayo kuanzia mwaka 2008, wengi wao katika mikoa ya kusini, wakiwa na Kiswahili cha shule na Kifaransa kidogo au hakuna.

Sasa tuje kwenye barua pepe. Mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge akimwandikia mwenzake wa Kigoma, afunge vipi? "Wako mtiifu" hakufai, kwani hakuna mkubwa wala mdogo. Kuwaacha wanafunzi wadhani kwamba ndiyo tamati ya kila barua rasmi ni kuwafundisha unyenyekevu usio na mahali. Kifaransa cha ofisini chenyewe kimekwisha jipunguza, na wengi huandika "Cordialement" tu. Kwetu sisi "Wasalaam" latosha, jina na kazi ya mwandishi vikifuata.

Hapa pana ugumu wa kienyeji. Nchini Burundi jina "Mswahili" kwa wengi lina maana ya Mwislamu, na karani Mkristo wa Rumonge aweza kusita kuandika "Wasalaam" asije akadhaniwa amesilimu. Neno lenyewe ni "na amani" tu, nalo limo katika barua za Waswahili wa dini zote. Hata hivyo asilazimishwe. "Ahsante" au "Nakutakia kazi njema" ni Kiswahili safi. Katika majibu ya tatu na ya nne ya siku ile ile, jina peke yake si ufidhuli.

Lakini "fulani bin fulani" isitupwe. Wengi wa waliorudi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na ilibidi wadai mbele ya tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006. Kijana aliyezaliwa Ulyankulu hakuna jirani amjuaye Rumonge. Anayejulikana ni baba yake, au babu yake, aliyelima pale kabla ya 1972. Barua yake, iwe ya karatasi au ya kompyuta, ikiishia kwa jina lake la ubatizo na namba ya simu, msomaji wa ofisini hapati pa kuanzia kuuliza.